Maneno Yaliyokatwa Vichwa

Kabla sijakaa meza moja na Mhariri nilidhani najua kusoma. Nilikuwa na cheti cha ukutubi, nilikuwa nimepanga vitabu rafuni miaka minne, na nyumbani Ntimaru mimi ndiye niliyeitwa watu walipopata barua ya serikali. Siku ya kwanza alinipa prufu ya makala, kurasa zilizopangwa tayari kuchapwa, niisome kwa sauti, yeye akiufuata mswada wa mwandishi kwa penseli. Sikumaliza hata aya mbili. Nilisoma, "Wanawake wa Homa Bay wanauza samaki." Akaniambia nirudie. Nikarudia vilevile. Akaniangalia juu ya miwani.

"Wanauza ama wanaua?"

Nikatazama tena. Herufi moja ilikuwa imedondoka wakati wa kupanga kurasa. Prufu ilisema wanaua.

"Mura, soma yenye imeandikwa," akasema. "Usisome yenye unajua."

Mura ni neno la kwetu Ukuria la kumwitia kijana, na aliendelea kuniita hivyo hata mvi ziliponitoka. Sisi wa maktaba tulimwita Madam. Hapa nitamwita Mhariri, maana ndiyo kazi aliyoifanya, na siku hizi hayupo wa kunikosoa. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja. Ninayo mengi ya kusema juu yake, ila ukweli ni kwamba naandika kwa sababu ya ukurasa mmoja wa masahihisho, ambao alitaka utoke kabla mzee mmoja wa kisiwa cha Mfangano hajafa.

Jarida letu lilitoka mara mbili kwa mwaka, katika chumba kilichokuwa nyuma ya magazeti ya zamani, ghorofa ya chini ya maktaba ya chuo. Wasomi waliotutumia makala kutoka mbali walidhani pana idara nzima. Palikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, kabati la chuma lisilofunga, birika, na sisi wawili. Yeye alipokea makala, akazipeleka kwa wahakiki, akazihariri. Mimi nilipanga kurasa na kuziweka mtandaoni. Kila makala tuliisoma kwa sauti mara mbili: mara ya kwanza mimi nikisoma prufu naye akifuata mswada, mara ya pili tukibadilishana karatasi. Tulitamka kila kitu, koma, nukta, herufi kubwa, fungua mabano, funga mabano. Wanafunzi waliopita mlangoni walidhani tunasali.

Kiswahili chake cha kuongea kilikuwa cha soko la Migori, kimechanganyika na Kijaluo chake cha Lambwe, na hakujali ngeli hata kidogo. Cha kuandika hakikuwa na doa. Nilipomuuliza inakuwaje, alisema mdomo ni wake lakini ukurasa ni wa watu. Mkoba wake ulikuwa jaa: funguo, njugu, risiti za mwaka juzi, kitabu cha nyimbo za kanisa kisicho na jalada. Lakini ukihamisha penseli yake kutoka kulia kwenda kushoto mwa meza, siku yako imeharibika. Alichelewa kazini kila Jumatatu na hakuwahi kuomba radhi, na papo hapo aliweza kumfokea mwandishi aliyechelewesha marejeleo siku mbili. Alikuwa Msabato. Ijumaa, jua lilipoanza kushuka, alizima kompyuta hata kama sentensi ilikuwa nusu. Mwandishi mmoja alipiga simu jioni ya Ijumaa akisema ana dharura. Mhariri akamjibu kwamba Mungu mwenyewe aliacha kazi, na yeye ana kazi kubwa kuliko hiyo?

Maprofesa walimwogopa. Mmoja wa Nairobi, mtu wa majoho, alituma makala yenye sentensi iliyojaza nusu ukurasa. Mhariri alimpigia simu mbele yangu. "Prof, hii sentensi yako nilianza kusoma nikiwa na njaa. Nimeenda nikakula, nikarudi, na bado haijaisha." Nilijificha nyuma ya kompyuta nikicheka. Profesa aliikata mara nne, na baadaye akawa rafiki yake. Walikuja wengine waliosukumwa na haja ya kupandishwa cheo, wakitaka makala itoke ndani ya wiki mbili kama yanavyoahidi majarida ya kitapeli. Hao aliwapa chai, akawaambia cheo waende wakaulize kwa wenye vyeo, hapa tunasoma.

Lakini kwa mtu anayeandika mara ya kwanza alikuwa mwingine kabisa. Hakumkatalia mtu kwa barua pepe. Alimwita, akamkalisha kwenye kiti changu, akamfungulia makala yake yote ikiwa imejaa penseli. "Hii bado ni mbichi," angesema. "Lakini ni samaki kweli, si gome la mti. Enda uweke moto tena." Nimewaona watu wazima wakitoka chumbani mle wakifuta macho na kutabasamu. Wengine wamekuwa wahadhiri sasa. Wahakiki wetu nao, waliokalia makala miezi minane, aliwakamata mazishini. Alijua kila mtu lazima aende mazishini, basi alitembea na bahasha mkobani, na baada ya kula angeonekana akimsogelea daktari fulani wa falsafa chini ya hema, akimuuliza kwa upole kama bado yu hai.

Makala ya Mfangano aliileta mwandishi mwenyewe, mwalimu wa sekondari, mwanamke wa makamo aliyevuka ziwa hadi Mbita na mswada wake ndani ya mfuko wa unga ili usilowe. Ilihusu majina ya vyombo vya uvuvi katika Kisuba, lugha ambayo kisiwani walibaki wazee wachache wanaoisema, wengine wote wakiwa wamehamia Kijaluo tangu vizazi vingi. Maneno thelathini na mawili alikuwa ameyachukua kutoka kwa baba yake. Mzee huyo hakuwa amesoma, lakini alitaka kabla ya kufa aone maneno yake kwenye kitabu. Mhariri aliipenda makala hiyo siku hiyohiyo. Aliipapasa karatasi kama mtu anayekagua kitambaa.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo mtu wa mbali asingelifanya, kwa maana asingejua lolote. Mengi ya maneno yale Mhariri aliyajua. Kijaluo cha kando ya ziwa kiliyachukua zamani kikayatumia kivyake, bila silabi ya mwanzo. Alipoyaona yameandikwa na silabi hizo, alidhani mwalimu anatia madoido ili lugha ionekane ya kale. Akazikata kwa penseli, moja baada ya nyingine. Fikiria mtu asiyejua Kiswahili amepewa kitabu, kijiko na kikombe avihariri, akaandika tabu, jiko na kombe. Kila moja ni neno, lakini hakuna lililobaki kuwa lenyewe.

Mimi nilikuwepo. Tulipofika kwenye orodha ile katika kusoma mara ya pili, mswada ulikuwa mikononi mwangu, nikasoma maneno kama mwalimu alivyoyaandika. Yalinijia mdomoni kwa wepesi wa ajabu. Kisuba na Kikuria ni watoto wa nyumba moja, na maneno yale yalisikika kama sauti ya nyanya yangu akiita kutoka jikoni. Kwenye kila neno Mhariri alisema, "Hiyo mbele nimetoa. Endelea." Nilijua ametoa kisichotolewa. Lakini ilikuwa alasiri ya Ijumaa, yeye alikuwa mkuu wangu, na mara nyingi pale chuoni nilikuwa nimetaniwa kuwa Wakuria wanajua ng'ombe tu, mpaka nikaanza kuogopa kutaja jambo lolote la kwetu. Nikajiambia yeye ndiye anayejua mambo ya ziwa. Nikaendelea. Toleo likatoka, makala ikapewa namba yake ya kudumu mtandaoni, na mwalimu akatumiwa nakala mbili.

Baada ya mwezi mmoja mwalimu alirudi. Hakuja kugombana, na hilo ndilo lililotuumiza. Alikaa kwenye kiti changu, nakala mapajani.

"Madam, nilimsomea mzee," akasema. "Alikuwa amevaa koti, ameita majirani. Nikasoma ya kwanza, akanyamaza. Nikasoma ya pili. Akaniuliza, hii ni maneno ya nani?"

"Alisemaje tena?" Mhariri akauliza.

"Alisema, hawa watu wamenikatia samaki kichwa. Nani anapelekea mgeni samaki bila kichwa?"

Mhariri alivua miwani. Alichukua mswada kutoka kabatini, akautazama pale alipokata, kwa muda mrefu. "Yawa," akasema kwa sauti ndogo, "nilisoma yenye najua." Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa siku ile. Mimi nilishughulika na birika. Ningesema wakati ule, na sikusema.

Aliahidi kwamba masahihisho yatatoka na kwamba mzee atayaona. Ikawa ndiyo kazi yake ya maisha, na kila kitu kikamzuia. Kijana wa kitengo cha kompyuta pale chuoni alimwambia jambo ni rahisi, afungue makala mtandaoni abadilishe, nani atajua? Alikataa katakata. "Watu walisoma. Wengine wameshaandika kutoka kwa hiyo. Nikibadilisha kimyakimya nitakuwa nimewafanya wao ndio wajinga." Alitaka ukurasa kamili katika toleo jipya, wenye maneno yote thelathini na mawili, kila moja na kichwa chake, na chini yake aseme kosa lilitoka wapi. Kamati ya jarida ikamwambia angoje. Wakaguzi walikuwa wanakuja kutazama kama jarida letu linastahili kubaki kwenye orodha ya majarida yanayotambuliwa, na ukurasa wa makosa ungetuchafulia jina. Wakaguzi wakaahirisha. Toleo lililofuata likakosa makala za kutosha. Kisha kukawa na maneno kwamba kazi yote ya majarida itahamishiwa kwenye ofisi nyingine. Miaka miwili ikapita hivyo, na kuelekea wa tatu.

Kutoka Mfangano salamu zilikuwa zikija na mwalimu, kila likizo, zilezile: mzee anauliza kama karatasi imetoka. Nilimshauri Mhariri achape ukurasa kwenye printa yetu, ampelekee mzee aushike tu mkononi. Alinikaripia. Alisema karatasi ya printa si jarida, na kumpelekea mzee kitu ambacho ulimwengu haujakiona ni kumdanganya mara ya pili. Alikuwa mgumu, na nadhani alikosea. Mpaka leo nadhani alikosea, na sijui kama hilo linanipa haki yoyote ya kusema.

Mzee alifariki mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Tulienda. Juu ya boti Mhariri, aliyekuwa akiogopa maji maisha yake yote, alishika ukingo kwa mikono miwili hadi tulipofika. Safari hiyo hakubeba bahasha za wahakiki. Mkobani alikuwa na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono, maneno thelathini na mawili.

Wakati wa hotuba ulipofika, alinigeukia. "Mura, utanisomea? Mimi ulimi wangu hauwezi hii."

"Madam, mimi si mtu wa huku," nikamjibu.

Alinitazama kidogo tu. Kisha akasimama mwenyewe, akachukua kipaza sauti, akawaambia watu wote, familia, mapadri, wavuvi, kwamba yeye ndiye aliyekata maneno ya marehemu na amekuja kuyarudisha. Akaanza kusoma. Alikwama kwenye kila neno. Wazee wawili waliokaa mbele walianza kumrekebisha, akawa anasema neno, wanalirudia, analirudia tena, mvua ikigonga hema. Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Mwalimu alijifunika uso kwa leso. Nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya nyuma na kila neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, zima, na sikufungua mdomo. Nimetenda mabaya mengine maishani. Hilo ndilo linaloniamsha.

Masahihisho yalitoka miezi saba baadaye, katika toleo ambalo halikujua kuwa ni letu la mwisho. Mhariri hakuiomba tena kamati ruhusa. Aliuweka ukurasa mbele kabisa, kabla ya makala zote, akaniambia niupange kwa herufi zilezile kubwa za makala, nisiufiche chini kwa herufi ndogo kama sisimizi. Huo peke yake hatukuusoma kwa sauti; aliukagua mwenyewe. Chini ya orodha aliandika sentensi moja. Nilimwuliza kama hatuwezi kusema kosa ni la jarida, kama wanavyofanya wengine. Akasema jarida halina mkono wa kushika penseli. Mwaka huo alistaafu, jarida likahamishwa, na chumba chetu kikawekwa viti vibovu. Nilipewa kazi ya mezani, kupokea vitabu vinavyorudishwa.

Nilimwona mara ya mwisho kwao Lambwe, Jumapili moja ya kiangazi. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Nilimkuta ameketi barazani, amegeuza sikio kuelekea njia, na kabla sijabisha hodi akasema, "Hiyo ni viatu ya Mura." Binti yake aliniletea kiti na chai. Tulizungumza habari za mahindi, za nyati wanaotoka mbugani, za profesa wa sentensi ndefu ambaye alikuwa amempigia simu. Kisha akaniuliza kama nimebeba toleo lile. Nilikuwa nimebeba. Sijui alijuaje.

"Nisomee ukurasa wa mbele. Mimi sijawahi kuusikia vizuri. Ile siku ya mazishi wazee walikuwa wananirekebisha kila neno."

Nikasoma. Herufi kubwa. Masahihisho. Nukta. Nikaingia kwenye orodha, neno la kwanza, la pili, la kumi, nikayasoma kama nyanya yangu angeyasema. Yeye alikuwa akitikisa kichwa polepole. Nilipofika la mwisho alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Unajua nyanya yangu mimi alikuwa anaongea hivyo?" akasema. "Hapahapa. Tulikuwa watoto, tulikuwa tunamcheka. Tulifikiria ni kwa sababu hana meno." Akanigeuzia uso. "Na wewe hukukwama. Hata siku ile ya kwanza, ofisini, hukukwama."

Nikalishusha jarida mapajani. "Ulisikia?"

"Kwani nilikuwa kiziwi? Kila mtu anakwama kwa hiyo orodha, wewe ulikuwa unateleza tu. Nikasema moyoni, huyu anajua hii maneno. Kama nimeharibu, atasema." Alitafuta kikombe chake kwa vidole mpaka akakipata. "Nilikuwekea mzigo yangu, nyathina, mtoto wangu. Hiyo pia haikuwa vizuri. Na pale kwa mazishi nilitaka uutue. Basi. Endelea, bado kuna mstari moja."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Nililia mbele ya mwanamke asiyeweza kuniona, na nilijua kwamba ananisikia. Yeye hakusema nyamaza, wala hakunishika mkono. Alingoja, kama alivyokuwa akingoja nilipokohoa katikati ya aya. Nilipopata sauti nikainua jarida nikatafuta mstari wa mwisho. Miaka yote ile nilikuwa nimetafuta mahali pa kuyasema haya, na nikaona mahali penyewe ndipo hapa.

"Kosa ni la mhariri," nikasoma, "na la msomaji wake, ambaye—"

"Mura."

Nikainua macho kutoka kwenye ukurasa.

"Soma yenye imeandikwa," akasema. "Usisome yenye unajua."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya baraza. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hakuelewa kinachoendelea. Nikaweka kidole chini ya mstari, kama alivyonifundisha.

"Kosa ni la mhariri," nikasoma.

Akangoja.

"Nukta," nikasema.